Muulize Senga: Nataka barakoa ya kunipa nguvu

SWALI: Shikamoo Senga. Mwaka huu umenimaliza, mama alifariki alafu kazi nayo ikaisha, saa hii nashinda nimelala tu. Rafiki alinionyesha kwenye simu watu wanaojitengenezea barakoa za kuwapa nguvu ya kiroho nikaipenda sana hiyo kitu, ila wenzangu kanisani wanasema ni mambo ya mashetani. Mi si mchongaji, nianzie wapi? Na kuna moja ya Wamakonde nimeiona nzuri sana, naweza kuiga?
Msomaji, Masaka

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa mama. Tengeneza. Karatasi na gundi havina shetani, na kama wewe ni mtu wa kusali basi sali huku mikono inabandika, hakuna anayekukataza. Ila hiyo ya kushinda umelala ikiendelea nenda kituo cha afya uongee na mtu, usiiachie barakoa peke yake.

Ya Wamakonde iache. Ile ni lipiko, wanavaa kichwa kizima kwenye ngoma za jando na unyago huko kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na zamani wanawake na watoto hawakutakiwa hata kujua nani yuko ndani. Ina wenyewe.

Wewe chukua puto, lijaze mpaka saizi ya kichwa, lipake mafuta ya kujipaka. Pika uji mzito wa unga wa ngano, chana gazeti kwa mkono (makasi hapana, kingo za kuchanika ndo zinashikana) ubandike upande mmoja tu, tabaka nne au tano, kila moja ikauke kwanza maana msimu wa mvua ukiharakisha inaota ukungu. Ikikauka kabisa pasua puto, toboa macho, alafu pua na midomo ujenge na karatasi iliyolowekwa ikapondwa.

Kwenye sura hapo tulia. Wengi wanakimbilia kuchora uso mkali na meno, mi naona haisaidii. Jiulize hiyo nguvu unayoitafuta uliwahi kuiona kwa nani, pengine ni kwa mama mwenyewe alivyokua anakaza macho akiwa na jambo lake, basi weka macho hayo.

Juu unaweza kufunika na lubugo, na huko Masaka mafundi wapo. Ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba, wanalibandua mti ukiwa hai, shina wanalifunga na majani ya migomba lipone, wanalipiga na nyundo za mbao mpaka linakua kitambaa, UNESCO waliitambua kazi hiyo 2005. Lakini Buganda lubugo ndo inayozungushiwa maiti, na kabaka, mfalme wao, anaivaa akitawazwa, kwa hiyo mzee akikuona umeiweka usoni na msiba bado mbichi anaweza kushtuka vibaya sana. Ongea na wajomba zako kwanza. Wakikataa, tumia gunia.