Mimi ni askari wa mbwa wa mabomu, je swala zangu zinasihi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni Muislamu wa huku Pwani, mwanajeshi, na mwaka wa tatu sasa niko kitengo cha mbwa wa kunusa mabomu. Kazi yetu ni kutangulia barabarani kabla malori hayajapita. Juzi juzi mbwa wangu, nimwite Duma, alinusa bomu akakaa chini kama alivyofundishwa, kumbe pembeni kulikuwa na la pili, likalipuka akafa hatua chache tu mbele yangu. Sisi wote tulipona. Nilipoenda likizo nikamhadithia mjomba wangu huku nalia, akaniambia eti nalilia najisi, miaka yote hiyo swala zangu ni batili, malaika hawanisogelei, na mshahara nnaolisha watoto ni haramu kwa sababu Mtume kakataza thamani ya mbwa. Tangu siku hiyo sijaswali. Na sasa wanataka kunipa mbwa mwingine. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah mwanangu. Swali lako nimelisoma baada ya alfajiri na nimeshinda nalo kutwa nzima, maana mtu aliyekuwa akiswali huko porini na jua na hofu, halafu anarudi kwao anaachishwa swala kwa neno la barazani, huo kwangu ni msiba kuliko hiyo habari yenyewe ya mbwa. Nianze na la haraka: kazi yako inajuzu, mshahara wako ni halali, na huyo mbwa mpya mchukue. Swala ntakueleza.

Mjomba hadithi kaisoma nusu. Kweli Mtume swalla Llahu alayhi wasallam kasema anayefuga mbwa anapungukiwa kila siku qirati mbili, yaani mafungu mawili, za thawabu zake, lakini ndani ya maneno hayo hayo aliyoyapokea sahaba Ibn Umar kuna "isipokuwa mbwa wa mifugo au wa kuwinda", na sahaba Abu Hurayra akapokea na wa shamba. Wanavyuoni wakaulizana, je wa kulinda nyumba na njia? Imamu Nawawi, ambaye ni Shafii kama sisi watu wa Pwani, na madhehebu yetu ni katika yaliyo makali sana kwa mbwa, akasema lililo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu kwa kuwapimia hao waliotajwa. Kulinda njia! Sasa wewe unayemtanguliza mbwa barabarani ili lori lililojaa watoto wa watu lisirushwe hewani, unalinda nini kama si njia? Na sisi hatusimuliwi, barabara za Lamu upande wa msitu wa Boni tunazijua zimekula askari na raia wangapi kwa mabomu ya kutegwa.

Halafu kuna aya ya nne ya Suratul Maida, Mwenyezi Mungu anahalalisha kilichokamatwa na wanyama mliowafundisha "katika yale aliyokufundisheni Mwenyezi Mungu". Tizama hapo, kumfundisha mbwa Allah kakuita ni elimu aliyoitoa yeye. Na sahaba Adiy bin Hatim alipomuuliza Mtume kuhusu mbwa wake wa kuwinda hakuambiwa nenda karudie swala zako, aliambiwa ukimtuma mbwa wako aliyefundishwa na ukataja jina la Mwenyezi Mungu, kula. Basi ikiwa mbwa karuhusiwa kwa ajili ya paa mmoja wa kitoweo, vipi kwa ajili ya roho ya mwanadamu? Mwenye kukataza hili alete dalili, asilete hasira zake.

Wala si jambo geni. Afghanistan, nchi ya Waislamu, mbwa wamekuwa wakitafuta mabomu ya ardhini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na watu wanalima na kuchunga pale walipopita. Hata hapa jirani Morogoro wanafundishwa panya buku kazi hiyo hiyo, mmoja wao Magawa alipewa medali mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyatafuta Kambodia. Na panya jamani katajwa kwenye hadithi ya wale watano wanaouawa hata ndani ya Haram ya Makka! Sijasikia mtu kawaambia Waislamu wa Morogoro swala zao batili.

Hiyo ya thamani ya mbwa ndo imenikera zaidi. Hadithi ni sahihi, iko Bukhari na Muslim, lakini inazungumzia kumuuza mbwa ukala pesa yake. Wewe umemuuza nani? Wewe unalipwa jasho lako na kuamka kwako saa tisa usiku. Kumwambia baba wa watoto kuwa anawalisha haramu ni neno zito sana, halisemwi kwa kukisia.

Malaika wasioingia nyumba yenye mbwa, mwanachuoni Khattabi kasema ni mbwa aliyeharamishwa kumweka, si wa kuwinda wala wa mifugo. Nawawi hakukubaliana naye, kaona ni mbwa wote, ila naye kasema hao ni malaika wa rehema wanaozunguka, ama wanaoandika amali hawaachani na mtu. Na mbwa wenu si analala bandani kwake? Kwako hayuko.

Sasa twahara, hapa kuwa makini. Kumgusa mbwa hakutengui udhu. Mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Mate yake au unyevu ukikupata, kwa madhehebu yetu unaosha mara saba moja kwa udongo, kwa hiyo weka yunifomu moja safi ya kuswalia kwenye mfuko wake. Mkiwa safarini maji hayatoshi, basi Imamu Malik kasema mbwa ni twahara, shika kauli yake kwa dhiki yako wala usione haya. Swala za nyuma, ile tu unayojua kwa yakini uliswali na mate nguoni na ukataka kujitoa kwenye khilafu (tofauti za wanavyuoni), irudie. Zenye shaka ziache. Ila hizi ulizoziacha tangu likizo zilipe, na anza na magharibi ya leo.

Kuna mpaka pia. Warusi kwenye vita vya pili vya dunia waliwafunga mbwa mabomu wakawafundisha kuingia chini ya vifaru, na huko Abu Ghraib, gereza la Iraq lililokuwa mikononi mwa Wamarekani, picha zilionyesha wafungwa wamevuliwa nguo wanatishwa na mbwa. Ukiamrishwa chochote cha namna hiyo kataa, hata kwa kufukuzwa kazi. Mtume kakataza chenye roho kufanywa shabaha, na mateka ni amana mkononi mwako.

Ama kulia. Abu Dawud kapokea kuwa Mtume aliingia bustani ya mtu, ngamia alipomuona akatoa sauti ya huzuni na macho yakamtoka machozi, Mtume akamfuata akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamkemea mwenye ngamia kwa kumpa njaa na kumchosha. Nyuma ya masikio mwanangu, na wewe hapo ndipo ulipokuwa ukimkuna Duma, sivyo? Na yule aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa madhambi. Wewe umemtekea maji mbwa miaka mitatu kwenye joto ambalo akihema sana hata kunusa hawezi, unadhani Allah hakuona? Lia tu. Na kama usiku unashtuka unasikia ule mlipuko, nenda kwa daktari wa kambi umwambie wazi, si upungufu wa imani.

Mjomba usigombane naye, ni mzee wako na dini anaipenda. Msomee haya, na asiporidhika nipe namba yake nitampigia mimi mwenyewe.

Wallahu aalam.