Mkeka wa mama mkwe uko juu ya kabati? Ushushe

Dada mmoja aliyeolewa hivi karibuni huko Dodoma ameniandikia. Mama mkwe wake kamletea mkeka wa ukindu na kawa la kufunikia chakula, vyote kavisuka mwenyewe, na bibi harusi hajui avifanyie nini. "Sebule yangu ina marumaru na makochi," anasema. "Nimeviweka juu ya kabati, bado vimo kwenye nailoni. Nifanyeje visiharibike?"

Mdogo wangu, panda kiti uvishushe. Toa nailoni, inafungia unyevu na ukindu ni jani, utaota ukungu kwenye mishono. Na kama umeukunja, ukunjue leo leo. Mkeka haukunjwi, unaviringishwa. Kwa ukavu wa Dodoma utakatika palepale penye mkunjo.

Jibu la swali lako ndilo hilo. Ila swali lenyewe limenichokonoa, kwa hiyo vumilia kidogo.

Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, Rufiji. Bibi yule sikuwahi kumwona amekaa mikono mitupu. Anaongea na wageni huku anasuka, anatukaripia huku anasuka, yuko juu ya dungu shambani anaamia ndege wasimalize mpunga, na ukili, ule ukanda unaosukwa kwanza, uko mapajani. Mlioukuta mkeka dukani hamjui ulikotoka. Makuti machanga ya mkindu yanakatwa kabla hayajafunguka, yanachanwa, yanaanikwa mpaka yawe meupe. Mengine yanachemshwa na rangi, na bibi alipenda zambarau kuliko zote. Kabla ya kusuka unayalowesha kidogo, la sivyo yanavunjika mkononi. Unasuka ukili mrefu mpaka unauzungusha kama kamba ya jahazi, ndipo unachukua shazia, ile sindano nene ya mikeka, na kuanza kuushona ubavu kwa ubavu. Mkeka mmoja wa maana unakula wiki na wiki, maana kulima na kupika havikusubiri.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari ya Lindi na Mtwara yalivuka mto Rufiji kwa pantoni, na masika ikikolea abiria walikuwa wanakwama na watoto wao, hawana pa kujilaza. Bibi aliwauzia mikeka. Sare zangu za shule zilitoka humo, na daftari, na nauli ya kwanza ya kuja Dar es Salaam. Mtu akiudharau mkeka mbele yangu ajue amegusa pabaya.

Na wapo waliogusa. Nilipoolewa nilikuja na mkeka wa bibi, wa zambarau na kijani, nikautandika sebuleni kwangu. Wifi yangu mmoja akasimama mlangoni, hajavua hata viatu, akauliza, "Wifi, kwani hapa kuna msiba?" Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, baadaye akasema alicheka kwa sababu wenzake wamecheka. Nilikwenda jikoni nikapakua chakula, nikakitenga palepale mkekani. Aliyetaka kula akae chini. Walikaa wote, na yeye akaongezewa wali.

Miaka ikapita. Wifi huyohuyo alipokuwa anamfanyia binti yake kicheni pati, akapiga simu kwa sauti ya asali: wanapamba kona ya Kiswahili ya kupigia picha, naomba ule mkeka wako mzuri. Nikampa. Ulirudi na tundu la kuungua, kaa limeruka kutoka kwenye chetezo. Pole sikuipata mpaka leo naandika. Sijamwambia kitu, ila mjue ninakumbuka.

Shangazi alipokuja mjini ndiye aliyeutibu. Akakata palipoungua, akapachika ukili mpya, akashona kwa shazia yake aliyotoka nayo nyumbani. Kiraka kinaonekana kwa sababu zambarau ya siku hizi si ile ya bibi. Wageni wakiuliza ninawaambia yote, na jina la wifi nalitaja.

Huyu shangazi ndiye aliyenipa akili ninayotaka kukupa wewe wa Dodoma. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia vijijini kwetu Rufiji, yeye na wajukuu walitoka kwa mtumbwi. Alichukua watoto, sufuria, na mkeka aliokuwa akiulalia. Kulikuwa na sanduku la bati lenye mashuka na foronya za bibi, zile alizozidarizi maua kwa mkono enzi za usichana wake, zimetunzwa miaka yote zisichakae, hata mgonjwa hakutandikiwa. Sanduku likabaki na maji. Nilipomuuliza kwa nini hakulibeba, alinishangaa kabisa. "Sasa tungelalia sanduku?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Foronya zile ziliponzwa na heshima. Hazikuwa na kazi nyumbani, kwa hiyo siku ya mbio hakuna mkono uliozikumbuka. Mkeka ulikuwa na kazi kila usiku.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiniulize namna ya kuutunza mkeka. Upe kazi. Kwangu mimi Jumamosi jioni hatuli mezani. Mkeka unatandikwa, sinia moja katikati, mtoto mdogo anapitisha birika na beseni watu wanawe. Mwanzoni wanangu walinuna, miguu inauma, sijui nini. Sasa nikichelewa kutandika wanautandika wenyewe, tena wanagombania upande wa kiraka. Wali wa nazi, samaki wa kuchoma, kachumbari. Mtoto anayeminya siri wiki nzima mezani, akikaa chini anaanza kuropoka yote. Mambo ya shule, mambo ya rafiki, hata ya baba yake.

Na kawa je? Chakula kikishatoka sasa halina cha kufunika, basi tunafunikia simu. Za watoto, ya baba, na yangu pia ingawa inaniuma. Mwanangu wa mwisho anasema simu zimelala. Ikiita, iite.

Mengine ni madogo na utayajua kwa kutumia. Makombo yafagie mara tu mnapomaliza, sisimizi hawana adabu. Chai ikimwagika pangusa kwa kitambaa kibichi kidogo, usiuloweshe, kisha uache upate hewa. Uanike jua la asubuhi, la saa saba linakula rangi. Usiburute kochi juu yake. Ukichoka, viringisha usimamishe kwenye kona, na kesho yake utandike tena. Utumie. Nimeshasema, ninarudia: utumie.

Halafu mwite mama mkwe siku ya kwanza mtakayokula mkekani, mkaribishe akae juu yake. Usimpigie picha tu na kumtumia. Mikono iliyosuka inataka kuona watu wamekaa, na wewe unamhitaji yule mama kuliko unavyodhani, nakuambia kama dada yako. Ukimkalisha kwenye kochi na kazi yake iko kabatini, ameshakusoma.

Na nyie mnaoniuliza kila siku mikeka kama yangu inapatikana wapi: tokeni Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, Kibiti, Ikwiriri, mtaikuta. Mwambie mama akufungulie mkeka mzima, usinunue kwa kutazama ncha. Ugeuze upande wa chini uangalie mishono, vuta kidogo kati ya ukili na ukili. Ukiona mwanga unapenya, mshono umelegea. Pindo la pembeni liwe limeshonwa kuzunguka kote, hapo ndipo mkeka unapoanza kufumuka. Na ukiambiwa bei, tafadhali usilete zile za "mama nipunguzie nusu." Mkeka wa plastiki kule dukani unaulipa kimya kimya kama ulivyobandikwa bei.