Jibu: Upara hautoki kwa mama peke yake

Habari ndugu. Umeuliza inawezekanaje nywele zako zipungue ukiwa na miaka 27, ilhali babu mzaa mama alizeeka na nywele zake zote, na umeambiwa upara hurithiwa upande wa mama tu.

Ulichoambiwa ni nusu ya ukweli. Jeni ya kipokezi cha homoni za kiume, yenye uzito mkubwa katika jambo hili, imo kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama. Lakini zipo jeni nyingine nyingi zinazotoka kwa wazazi wote wawili, na mimi mwenyewe upara wangu umefuata wa baba.

Anza kwa kutazama zinavyopungua. Upara wa kurithi huja polepole, pembeni mwa paji la uso au utosini, kwa sababu homoni ya dihidrotestosteroni hudhoofisha mizizi hadi kila unywele mpya unaota mwembamba na mfupi zaidi. Zikidondoka kwa wingi kichwa kizima, kumbuka kama miezi miwili au mitatu iliyopita uliugua homa kali au ulifanyiwa upasuaji, kwani hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe. Mabaka ya mviringo au ngozi yenye magamba siwezi kuyapima kwa maandishi. Mwone daktari wa ngozi mapema.

Ikithibitika ni ya kurithi, muulize daktari kuhusu minoksidili, dawa ya kupaka kichwani. Kwangu imepunguza kasi, ila inahitaji miezi kadhaa ya uvumilivu, na ukiiacha faida yake hupotea.