Mwalimu, kabla hujakubali vipindi vya jioni, soma hapa

Mbukwenyi wasomaji wangu. Nilikuwa nimenyamaza tangu likizo ya Juni, na ningeendelea kunyamaza kama si ujumbe wa mwalimu mmoja kijana kutoka Chemba. Ana miezi minne kazini. Mkuu wake wa shule amempangia Kidato cha Nne kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, pamoja na Jumamosi asubuhi. Malipo hakuna, wala hakuulizwa. Ananiandikia: "Madam, nikikataa si wataniona sina wito?"

Hilo neno wito ndilo lililonirudisha hapa.

Mimi niliajiriwa 2014, shule ya kata wilayani Bahi, somo Hisabati. Anayefundisha Hisabati shule ya kata anajua matokeo yanavyokuja, F juu ya F kama matofali. Mwaka wangu wa kwanza na Kidato cha Nne walifaulu wanne. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza, michango ya lazima ikapigwa marufuku, na Kidato cha Kwanza nikajikuta na watoto tisini chumba kimoja. Hapo mimi mwenyewe, bila kutumwa na mtu, nikamfuata mkuu: naomba Kidato cha Nne baada ya saa tisa na nusu. Nilikuwa sijaolewa, chumba changu kilikuwa jirani na shule, na jioni ya kijijini kwa mgeni ni ndefu kweli. Mengine tuliyaita wito baadaye.

Jamani, raha ile sijaipata tena. Tulianza na jedwali la kuzidisha, Kidato cha Nne hao, bila kuoneana haya. Giza likiingia tunawasha taa ya sola niliyoinunua sokoni Majengo kwa hela yangu. Kulikuwa na kijana mmoja mchungaji ambaye asilimia hazikumwingia hata kidogo, mpaka nilipomuuliza kati ya mbuzi wa baba yake wangapi walikufa kiangazi kilichopita. Alinijibu kabla sijamaliza swali, kisha akapiga hesabu yote kichwani. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2017, waliofaulu walikuwa kumi na tisa, na yeye alipata B. Nalisema kwa majivuno, mnivumilie.

Mkuu akapewa cheti kwenye kikao. Mimi nikapata makofi na soda. Wakati huo wakuu wa shule walikuwa wameshaanza kulipwa posho ya madaraka, shilingi 250,000 kwa mwezi, na sikuwaonea kijicho kwa sababu kazi yao ina presha yake. Ila soda ile niliinywa polepole sana.

Muhula uliofuata nilikuta ratiba imebandikwa kwenye ubao wa matangazo: jina langu, Jumatatu hadi Ijumaa jioni, na Jumamosi. Hakuna aliyeniuliza. Nilicheka tu, nikaona ni heshima.

Wa kwanza kunishtua alikuwa mzazi. Mzee mmoja alinisubiri nje ya darasa, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, binti yangu anatembea saa nzima na zaidi kufika nyumbani, na siku hizi anafika usiku. Wewe unamfundisha hesabu. Njiani anafundishwa nini, na nani?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaanza kuwaruhusu mapema wasichana wanaotoka mbali, ambao ndio hasa waliokuwa wanahitaji kipindi. Kwa hiyo mkiniuliza kama jioni zile zilikuwa na faida kwa watoto wote, siwezi kuwadanganya.

Kisha ikaja Septemba 2017. Baba yangu ana shamba dogo la zabibu Hombolo. Mnalijua zao letu: likiiva limeiva, na gari la mnunuzi halirudi mara mbili. Ijumaa nikamuaga makamu mkuu wa shule kwa mdomo, Jumamosi nikawa shambani na mkasi. Jumatatu nikakuta bahasha mezani. Nijieleze kwa maandishi ndani ya siku tatu kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa "utoro kazini".

Ile methali ya punda sitaitaja, mnaijua.

Adhabu haikuja. Nilijieleza, jambo likafa kimyakimya. Ila neno utoro mpaka leo nikilikumbuka shingo inapata moto. Karibu miaka miwili ya jioni za bure, halafu mtoro!

Usiku ule nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwenye simu. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada ziwe za makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Nilipompelekea mkuu akatabasamu: "Mwalimu, mtumishi wa umma ni mtumishi saa 24." Nikamuuliza mshahara wenyewe ni wa saa ngapi. Tukaachana hapo.

Sikwambii ugome. Nilikuwa chuoni 2012 walimu walipogoma kudai nyongeza ya asilimia mia moja na posho, na mgomo ule mahakama iliutangaza kuwa si halali. Wala sikwambii ukatae, kwa sababu najua utamu wa kumuona mtoto anaelewa. Mwalimu hata asipoongezewa jioni tayari amezidisha saa: madaftari anasahihisha kitandani, andalio la somo anaandika Jumapili, na siku za zamu anafika kabla ya jua.

Nakwambia andika. Kabla ya kukubali, andika siku gani, saa ngapi, kuanzia lini mpaka lini, na nani atakulipa nini. Kama hulipwi, andika kwamba unajitolea. Omba iingie kwenye muhtasari wa kikao cha walimu, ubaki na nakala. Ukiaga, aga kwa maandishi. Nasema tena, andika. Mimi niliaga kwa mdomo na mdomo ukanikana.

Na nyie walimu vijana, acheni kuogopa kuonekana wakorofi. Mkuu anayekasirika kwa sababu umeomba tarehe ya mwisho alikuwa hana mpango wa kukuwekea mwisho. Na ukiwa na mtoto wako nyumbani, naye ni mwanafunzi. Kuna watoto wa walimu wanafeli hesabu huku mama yuko darasani akifundisha hesabu za wenzao. Aibu hiyo ni yetu sote.

Siku hizi nafundisha Dodoma mjini. Jioni nafundisha Jumanne na Alhamisi, Agosti hadi Oktoba, mwisho saa kumi na moja, na wazazi walikubaliana wenyewe kunichangia nauli. Iko kwenye muhtasari. Nakala naihifadhi kwenye faili moja na ile barua ya utoro. Binti wa Chemba, nikifika nyumbani nitazipiga picha zote mbili nikutumie. Leo ni Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini, na Kidato cha Nne wameshafuta ubao.