Madaktari wapo, dawa zipo, na bado nangoja

Shangazi, shikamoo. Na ninyi wengine, habari za huko. Swali lenu limenifikia: mtu yuko Uingereza, kwenye mashine na mabingwa wote, inakuwaje tumbo bado linamtesa? Nitajibu bila kupamba.

Ugonjwa unaitwa Crohn. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo, unavimba na kutoka vidonda, unaharisha mpaka unaishiwa nguvu. Dawa ya kuumaliza haipo, huku wala kwingine. Za kuutuliza zipo, tena nyingi, ila hakuna kipimo cha kumwambia daktari ipi itanikubali. Unapewa moja, unangoja wiki au miezi, unapimwa, ikikataa unahamia nyingine.

Kwangu hata kuanza kulichelewa. TB ya utumbo hupenda kukaa palepale inapokaa Crohn, utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na mtu akitokea kwetu lazima madaktari waiwaze. Wakaingiza kamera, wakakata vinyama vya kupima, picha ya kifua, damu. Kwa hilo siwalaumu, maana baadhi ya dawa za Crohn huiamsha TB iliyolala.

Ikaja prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Ile picha mliyoisifia, eti mtoto kanawiri, Ulaya imemkubali, mashavu yale ni ya dawa. Usingizi hakuna, na dozi ikipunguzwa tumbo linarudi kulekule. Wakaniongezea azathioprini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili, ambayo huchukua miezi kuonyesha kazi, huku damu ikipimwa kila mara kuangalia ini. Ndiyo maana, Shangazi, yale majani ya kuchemsha nimeyapokea kwa upendo lakini siyanywi. Ini langu moja haliwezi kuhudumia waganga wawili.

Kinachonichoma ni utaratibu wa kuanza na dawa za chini kwanza, zenye nguvu baadaye. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika hapahapa Uingereza kwa wagonjwa 386 waliogunduliwa karibuni. Waliopewa mapema infliksimabu, moja ya zile zenye nguvu, pamoja na dawa ya kupunguza kinga, 79 kati ya 100 walitulia karibu mwaka mzima bila steroidi wala upasuaji. Waliopandishwa hatua kwa hatua, 15 tu. Mimi nilikuwa kwenye kupandishwa.

Infliksimabu niliipata baadaye. Ni dripu ya kama saa mbili. Unaanza, unarudia baada ya wiki mbili, kisha wiki ya sita, halafu kila wiki nane. Nesi anakupima uzito kwanza kwa sababu dozi inakwenda kwa kilo, na mizani ikipanda anafurahi kuliko mwenye mwili. Ilinikubali vizuri, nikala hata maharage. Halafu mwili ukatengeneza kinga dhidi ya dawa yenyewe, ikaacha kufanya kazi. Sasa niko kwenye dawa nyingine, ustekinumabu: dripu ya kwanza nimepata, zinazofuata ni sindano za chini ya ngozi, na choo changu nimekipeleka maabara kwenye kile kikopo chenye kijiko kwenye kifuniko chake.

Mnasema angalau matibabu ni bure. Dripu hailipiwi mlangoni, kweli. Lakini wengi wetu wa viza tunatanguliza ada ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, kwa mtu mzima. Na shifti nisiyoingia hailipwi kama ninayoingia: posho ya ugonjwa ya kisheria mwaka 2025 ilikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na kodi ya chumba hiyo haiifikii. Kazi ya kulea wazee haina nafasi ya mtu anayekimbilia chooni kila nusu saa. Wasimamizi wanaitikia kwa upole, wiki inayofuata jina lako halimo kwenye ratiba.

Kurudi nyumbani kupumzika nimekufikiria. Ila dawa hii ninayojaribu sasa ni ghali mno kwa mfuko wangu, na kuikatisha katikati ni kumpa ugonjwa nafasi. Nitakaa.

Mchango wa harusi ya Desemba nitatuma. Ila kwenye kamati mnitoe, na lile deni la bati Mjomba alisubirie mpaka nirudi kwenye shifti kamili.