Maswali na Majibu: Benchi la Ufundi na Mfuko wa Klabu

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninacheza Football Manager, mchezo wa kuongoza klabu ya soka kwenye kompyuta, nikiwa na timu ya daraja la nne la England. Niliajiri makocha hadi bodi ikasema nafasi zimejaa, lakini majeruhi hawapungui na salio la klabu linashuka kila mwezi. Nimwondoe nani kwanza?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, usianze kwa kufukuza. Kocha anayeachishwa kazi kabla ya mkataba kwisha hulipwa fidia, na fidia hiyo hutoka katika mfuko uleule unaotaka kuuokoa. Kwa hiyo wanaomaliza mikataba mwishoni mwa msimu waache waende, na kati ya waliobaki, wale usiowahitaji ujaribu kukubaliana nao waondoke kwa maridhiano. Kisha soma alama zao. Sifa za watumishi hupimwa kuanzia 1 hadi 20, na wengi wetu huvutwa na jina la mchezaji nyota wa zamani, ilhali kocha asiyejulikana, mwenye ari, nidhamu na uwezo wa kuhamasisha, akiwa na alama nzuri katika eneo moja la mazoezi, atakufaa zaidi kwa mshahara mdogo. Mpe eneo hilo moja tu, kwa sababu ukimrundikia matatu mzigo wa kazi huwa mkubwa na ubora wa mazoezi hushuka. Hii ndiyo sababu sikushauri upunguze makocha kupita kiasi.

Majeruhi ni suala la idara nyingine. Mtaalamu wa sayansi ya michezo husaidia kupunguza hatari ya kuumia, na mtaalamu wa tiba ya viungo huwarudisha walioumia. Kocha wa ushambuliaji wa ziada hafanyi lolote kati ya hayo. Mkulima wa korosho huko kwenu hangoji ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, umalize maua ndipo atafute salfa ya kuuzuia; nawe tafuta kinga mapema. Punguza pia ukali wa mazoezi pale ratiba inapobana, jambo ambalo halina gharama yoyote.

Fedha za usajili unaweza kuzihamishia kwenye mishahara, lakini mishahara huhesabiwa kwa wiki, hivyo kitita kikubwa cha usajili huzaa nyongeza ndogo. Mimi ningetazama kwanza idara ya kusaka vipaji: klabu inayosajili ndani ya England pekee haina haja ya kulipia ripoti za mabara mengine.

SWALI: Je, katika mchezo huo, mkuu wa maendeleo ya vijana ana faida gani kwa klabu maskini?
Msomaji, Ruangwa, Lindi

JIBU: Anayo, na huenda kubwa kuliko ya kocha yeyote. Kundi jipya la vijana huingia mara moja kwa mwaka, na hulka ya mkuu huyo huathiri hulka ya vijana hao. Kwa hiyo mtafute mwenye weledi na ari kabla hawajafika.