Ukitaka kuihifadhi lugha ya bibi yako, anza na sauti

Vijana wengi huniuliza waanzie wapi kuihifadhi lugha ya nyumbani kwao, hasa wale ambao lugha yao haina gazeti wala redio. Wengi wao wameshaanza, na wameanza na daftari: kichwa, jicho, mkono, maji, moto. Ninawaambia waliweke daftari kando kwanza, wawashe kinasa sauti cha simu.

Sababu yangu iko masikioni mwetu. Sisi tuliokulia Kiswahili tumezoea lugha isiyo na toni, yenye mkazo unaokaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaona herufi zinatosha. Lakini nenda West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, usikilize Kilugbara au Kimadi: sauti ikipanda au ikishuka, neno limekuwa jingine, na mwandishi asiyeweka alama za toni ameandika nusu tu ya alichoambiwa. Nusu ile nyingine hairudi mzee akishazikwa.

Mimi mambo haya yalinikaa vizuri Karamoja, kwa Waik. Wanaishi wilaya ya Kaabong, upande wa mlima Morungole, karibu na mpaka wa Kenya, na ni jamii ndogo. Lugha yao si ya Kibantu, wala haifanani na za majirani zao Wadodoth na Waturkana. Iko katika kundi dogo sana liitwalo Kuliak, ambalo lugha zake zote ziko kaskazini mashariki mwa Uganda. Maneno ya Kiik, msemaji anapotua, mara nyingi huishia kwa irabu ya kunong'ona: mdomo unaiumba, pumzi inatoka, koo limenyamaza. Ukikaa mbali kidogo, au upepo ukivuma, irabu hiyo huisikii kabisa, na simu iliyolazwa mezani haiisikii pia. Kwa hiyo isogeze simu karibu na mdomo wa msemaji, kama upana wa kiganja, lakini kwa pembeni ili pumzi isiipige. Rekodi asubuhi, ndani ya nyumba, mbali na mabati yanayopigwa na mvua na mbali na jenereta.

Na umuulize nini? Usimwombe mzee orodha ya maneno. Atachoka, na atakujibu neno mojamoja kama mtoto darasani. Muulize kazi anayoijua. Waik ni wafugaji wa nyuki hodari. Mzee akianza kueleza mzinga unavyotengenezwa na mahali pa kuutundika, utapata vitenzi, mahali, wakati, miti yenye majina yake, na utapata pia anavyokasirika na anavyocheka. Wakiwa wazee wawili ni bora zaidi, maana watasahihishana na kusahau kwamba upo.

Umbali wa kwenda usiniambie ni kikwazo. Mtu wa Kampala hahitaji kufika Karamoja. Bombo iko karibu, na huko kuna Kinubi, lugha iliyozaliwa katika Kiarabu cha askari waliotoka Sudan, wale wa gavana Emin Pasha ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891. Mlima Elgon kuna Kikupsabiny, Bundibugyo kuna Kibwisi. Duniani zinahesabiwa lugha kama 7,000, na Papua New Guinea peke yake ina zaidi ya 800, lakini bibi yako ni mmoja.

Kiswahili kina kazi kubwa hapa, na ninasema hivi nikiwa mtu ninayekipenda. Mwaka 2005 Katiba yetu ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka huohuo orodha yake ya jamii za asili ikaongezwa kutoka 56 hadi 65. Sioni ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Uliza kwa Kiswahili, ajibu kwa lugha yake. Baadaye kaa na kijana wa palepale, muirudie rekodi sentensi kwa sentensi: kwanza airudie polepole kwa lugha ileile, kisha aieleze kwa Kiswahili, na vyote uvirekodi. Atakayekuja kuandika kamusi miaka thelathini ijayo atakushukuru kwa marudio hayo kuliko kwa rekodi yenyewe.

Usingoje likizo ijayo. Kinyang'i, ndugu wa Kiik, hakina tena jamii inayokizungumza. Wajukuu wa waliokisema wanaongea Kikaramoja. Kiso cha mlima Moroto kimebaki kwa wazee.

Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu, na uirekodi ruhusa hiyo pia. Mwanzoni mwa kila rekodi taja kijiji, tarehe na jina la lugha. Kisha nakala ya kwanza uiache kwenye simu ya mtoto wa mzee huyo anayeishi naye, kabla hujaondoka.